Korea: Imani ya Kutafuta na Imani ya Kupangiwa

(Hotuba niliyoitoa mbele ya walimu wa dini, makatekista na wazazi mjini Morogoro. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Nimetoa salamu zote mbili kwa makusudi, maana humu ndani naona Walutheri, naona Wakatoliki, naona Wapentekoste, na sipendi mtu aninunie kabla hata sijaanza.

Waheshimiwa mapadre na wachungaji, walimu wenzangu, makatekista, wazazi. Mmeniita niseme juu ya imani ya Kikristo huko Korea Kusini na namna wanavyowafundisha watoto wao imani hiyo. Najua kwa nini mmechagua Korea. Mabinti zetu siku hizi wanajua kusalimia Kikorea kwa sababu ya tamthilia. Mwambie mmoja ataje mitume kumi na wawili: atafika wa tano, kisha ataendelea na waimbaji wa Seoul. Na upande wa pili, nani hapa hajawahi kumwona mmisionari wa Kikorea, anayejenga shule, anayechimba kisima, anayeongea Kiswahili cha kujikaza lakini haoni aibu? Basi tunasema: hawa ndugu wamefaulu. Wana viwanda, wana shule, wana makanisa makubwa kupindukia. Tuwaige.

Nami nawauliza: tuige Korea ipi? Ya mwaka gani?

Maana ukitua Seoul usiku na kutazama mji kutoka mlimani, utaona misalaba ya taa nyekundu juu ya mapaa, mtaa baada ya mtaa, mpaka uchoke kuhesabu. Utasema nchi nzima imeokoka. Lakini sensa ya mwaka 2015 inasema vingine. Waprotestanti walikuwa asilimia 19.7, Wabudha 15.5, Wakatoliki 7.9. Na wasio na dini yoyote? Asilimia 56. Miaka kumi nyuma yake, mwaka 2005, hao wasio na dini walikuwa asilimia 47. Na ukiingia makanisani ukatafuta vijana wa miaka ishirini, utaona ni wapi pengo lilipo.

Watu hawa walisomesha vizazi kwa vizazi katika shule za misheni. Imekuwaje? Ili tupate jibu lazima turudi nyuma, tena mbali.

Mwaka 1783 mfalme wa Korea alituma ujumbe wake Beijing, kama ilivyokuwa desturi ya kila mwaka. Katika msafara huo alikuwamo kijana msomi, Yi Seung-hun, aliyefuatana na baba yake. Kabla hajaondoka, rafiki yake Yi Byeok alimwita pembeni. Hawa walikuwa kikundi cha wasomi wa falsafa ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China. Walikuwa wameshapata vitabu vilivyoandikwa na Wajesuiti wa China kwa herufi za Kichina, wakavisoma, wakabishana, wakavisoma tena. Yi Byeok akamwambia: ukifika Beijing, watafute mapadre, uombe ubatizo, na urudi na vitabu zaidi. Yi Seung-hun akaenda, mwanzoni mwa 1784 akabatizwa kwa jina la Petro, akarudi na vitabu, misalaba na picha takatifu. Akawabatiza wenzake.

Sikilizeni vizuri. Hapakuwa na mmisionari hata mmoja Korea. Hapakuwa na padre. Hapakuwa na shule ya misheni, hapakuwa na msaada wa nguo wala wa chakula. Kulikuwa na kitabu, na kulikuwa na watu waliokitafuta.

Na hapa nina kisa ninachokipenda kuliko vyote. Hawa ndugu walisoma kwamba Kanisa lina mapadre. Wakasema: basi nasi tuwe na mapadre. Wakachaguana wenyewe! Wakaadhimisha misa, wakaungamisha watu. Mapadre mlioko hapa naona mnatazamana. Baada ya muda, mmoja wao akasoma tena vitabu vile kwa makini zaidi, akaingiwa na shaka kama wana mamlaka hayo. Wakafanya nini? Wakaacha. Wakaandika barua kwenda kwa askofu wa Beijing kuuliza. Hapakuwa na mtu wa kuwakemea, hapakuwa na mkaguzi. Kitabu kiliwaongoza, na kitabu kiliwarudi. Padre wa kwanza, Mchina Zhou Wenmo, alipovuka mpaka kwa siri mwishoni mwa 1794, inasimuliwa kwamba alikuta waumini wapatao 4,000 wakimsubiri.

Tena msidhani ilikuwa imani ya mabwana wasomi peke yao. Jeong Yak-jong, mmoja wa wasomi hao, aliandika katekisimu kwa Hangul, mwandiko ambao Mfalme Sejong aliutangaza mwaka 1446 ili watu wa kawaida wasome, na ambao wakubwa waliudharau kwa miaka mia tatu na zaidi wakiuita wa wanawake. Aliandika kwa mwandiko huo kusudi mwanamke na mtumwa wasome. Na mwanamke aliyeitwa Kang Wan-suk aliwafundisha wanawake wenzake, akamficha Padre Zhou nyumbani mwake kwa miaka. Wote watatu, Jeong, Kang na padre, waliuawa mwaka 1801. Kwa nini mwanamke yule ndiye aliyeweza kumficha? Kwa sababu askari hawakuwa na desturi ya kuingia katika vyumba vya wanawake wa ukoo bora. Aliitumia desturi ileile iliyomfungia ndani.

Nipite haraka kwa Waprotestanti, si kwa kuwapunguzia heshima, ila mada ni ndefu. Hata kwao kitabu kilitangulia. Injili ya Luka kwa Kikorea ilichapishwa mwaka 1882 huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, na mmisionari Mskoti John Ross akiwa na Wakorea waliotafsiri pamoja naye, na Wakorea ndio walioivusha mpaka. Wamisionari Underwood wa Presbiteri na Appenzeller wa Methodisti waliposhuka bandari ya Incheon siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1885, mbegu ilikuwa imeshaota. Baadaye yakaja madarasa ya Biblia ya majira ya baridi, wakati mkulima hana kazi shambani. Watu walitembea kwa miguu siku kadhaa, mchele wao mgongoni. Mchele wao wenyewe! Hakuna posho, hakuna nauli ya kurudishiwa. (Waandaaji wa semina zetu, mnanisikia?) Na uamsho mkubwa wa Pyongyang, mji ambao leo uko Korea Kaskazini, wa mwaka 1907, unaosimuliwa mpaka leo, ulianzia kwenye darasa la namna hiyo.

Tuje shuleni. Mwaka 1886 mama mmoja Mmarekani, Mary Scranton, alifungua shule ya wasichana Seoul. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa mmoja tu, tena suria wa afisa mmoja aliyetaka suria huyo ajue Kiingereza apate kazi ya ukalimani kwa malkia. Akakaa miezi michache, akaondoka. Aliyefuata alikuwa binti wa mama fukara. Majirani wakamjia yule mama juu: mama gani wewe, unampa mzungu mtoto? Leo anamlisha vizuri, kesho atampeleka Marekani. Mama akaja mbio kumchukua mwanawe. Scranton akakaa chini akaandika hati, akaweka sahihi, kwamba hatamtoa mtoto huyo nje ya Korea. Hapo mama akatulia. Shule hiyo mwaka uliofuata ilipewa na ikulu jina la Ewha, na leo ni chuo kikuu cha wanawake kinachojulikana dunia nzima.

Mnaona kilichofanyika pale? Mzazi aliulizwa. Mzazi aliogopa, akajibiwa kwa maandishi. Shikilieni hilo, nitalihitaji.

Halafu ikaja dola ya Japani. Waliitwaa Korea mwaka 1910. Mwaka 1915 wakatoa kanuni za shule binafsi zilizopiga marufuku kufundisha dini katika ratiba ya masomo. Katika miaka ya 1930 wakaenda mbali zaidi: walimu na wanafunzi wote waende kwenye mahekalu ya Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, wainame. Serikali ikasema hii si dini, ni uzalendo tu. Inama, umalize, urudi darasani. Kuna ubaya gani?

Chuo cha Soongsil kule Pyongyang kiliona ubaya. Kilianzishwa na Wapresbiteri mwaka 1897, katika mji ulioitwa Yerusalemu ya Mashariki. Mwaka 1938 kilifungwa kuliko kuwapeleka wanafunzi kuinama. Mwaka huohuo mkutano mkuu wa Wapresbiteri, polisi wakiwa wameketi katikati ya wajumbe, ulipitisha kwamba kuinama si ibada. Wachache walikataa. Mchungaji Ju Gi-cheol alikataa, akafungwa na kuteswa, akafia gerezani mwaka 1944.

Kwa hiyo Mkristo wa Korea anajua vizuri kuliko wengi wetu maana ya kumlazimisha mwanafunzi asimame kwenye ibada isiyokuwa yake. Anajua. Babu yake alifungwa kwa jambo hilo.

Sasa nisikilizeni kwa uangalifu hapa.

Baada ya uhuru kutoka kwa Japani na baada ya Vita vya Korea, shule za Kikristo zilifunguliwa tena na kuongezeka, nyingi na nzuri. Mwaka 1974 serikali ilichoka na vurugu za mitihani ya kuingia sekondari ya juu. Matajiri walikuwa wakilipa tuisheni, watoto wanakesha. Serikali ikaanza Seoul na Busan na utaratibu mpya: hakuna tena kuchagua shule, mwanafunzi anapangiwa kwa bahati nasibu katika eneo lake, hata kwenye shule binafsi. Hata kwenye shule za makanisa. Nia ilikuwa njema. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Mbudha, mtoto wa asiye na dini, anaamka asubuhi anaambiwa: umepangiwa shule ya Wapresbiteri. Kila wiki ibada, na kuikwepa haiwezekani. Nayo shule haikumchagua yeye, ingesema nini? Ilianzishwa ili kuhubiri Injili, na sasa serikali inalipa sehemu kubwa ya gharama na kuleta wanafunzi.

Sitaki kuwa mwepesi wa kuhukumu hapa. Shule zile zilibanwa pia. Lakini ilipokuwa lazima kuchagua kati ya kumuuliza mtoto na kumpanga foleni kwenye ibada, nyingi zilimpanga foleni.

Mwaka 2004 kijana mmoja, kiongozi wa wanafunzi katika sekondari ya Kikristo ya Seoul, alisimama kwenye kipaza sauti cha shule akatangaza kwamba hatahudhuria tena ibada ya lazima. Akafukuzwa. Akagoma kula, zaidi ya siku arobaini. Hebu fikirini, siku arobaini, katika nchi ambayo wachungaji huhubiri mfungo wa siku arobaini! Kesi ikaenda mahakamani, ikapanda, mpaka mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwamba shule ilivunja haki yake. Majaji hawakusema shule ya kanisa isifundishe dini. Walisema mwanafunzi aliyepangiwa aelezwe mapema, aombwe ridhaa, apewe somo mbadala, asiadhibiwe akikataa.

Wakumbukeni Mary Scranton na ile hati yake. Ridhaa, maandishi, kumheshimu mwenye mtoto. Majaji wa mwaka 2010 waliwarudishia Wakristo kitu walichokuwa nacho mwaka 1886.

Kwa vyuo vikuu mambo ni tofauti kidogo, maana mtu huomba mwenyewe kujiunga. Mwaka 1998 mahakama ilikubali kwamba Soongsil, chuo kilekile kilichofufuliwa Seoul baada ya vita, kinaweza kudai mahudhurio ya ibada kabla ya kumpa mtu shahada. Ni halali kisheria. Lakini nilipokuwa nasoma huko niliwahi kuketi kwenye ibada ya chuo ya namna hiyo, ukumbi umejaa mpaka ghorofa ya juu. Aliyekuwa kulia kwangu alikuwa anakariri maneno ya Kiingereza kwenye vikadi. Wa kushoto alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kiti cha mbele. Mahudhurio yalikuwa mia kwa mia. Ripoti ya mwaka bila shaka ilisoma vizuri.

Kesho yake alfajiri, saa kumi na moja, nilikwenda kanisa dogo la mtaani kwenye sala ya alfajiri. Hiyo nayo ni mila yao tangu enzi za uamsho wa Pyongyang. Kila siku, si Jumapili tu. Nje baridi inauma, ndani wamo bibi vizee, dereva wa teksi aliyetoka zamu, muuza samaki bado kavaa buti. Mchungaji anasoma aya chache, taa zinapunguzwa, wote kwa pamoja wanalia "Juyeo!" mara tatu, yaani Bwana, kisha kila mmoja anaomba kwa sauti yake, kwa mambo yake, mpaka jengo linatetema. Hakuna anayeandika mahudhurio. Na humo, ndugu zangu, sikumwona hata kijana mmoja wa sekondari.

Wako wapi? Wazazi, hili ni lenu sasa.

Wako tuisheni. Korea ina mtihani mmoja wa taifa wa kuingia chuo kikuu, unafanyika Alhamisi moja ya mwezi Novemba. Siku hiyo soko la hisa linachelewa kufunguliwa ili barabara zisijae. Polisi wanawabeba waliochelewa. Wakati wa kusikiliza Kiingereza, mchana, ndege hazipai wala hazitui nchi nzima kwa dakika thelathini na tano. Mwanafunzi halishwi supu ya mwani asubuhi hiyo, kwa kuwa mwani unateleza, asije akateleza na yeye. Anapewa peremende ya kunata ili alama zinate. Mnacheka? Sisi tunaosoma visomo juu ya kalamu, tucheke polepole.

Na makanisa siku hiyo yanajaa. Akina mama wanaingia asubuhi, picha ya mtoto juu ya meza, jina na namba, na ibada inafuata ratiba ya mtihani: mtoto akiwa kwenye lugha, mama anaombea lugha, akiingia hesabu, mama anahamia hesabu, chakula cha mchana, wote wanapumzika. Wengi wameanza maombi siku mia moja kabla. Nenda hekalu la Kibudha mtaa wa pili, utakuta mama wengine, picha zilezile, siku mia zilezile.

Nisieleweke vibaya. Mama anayemwombea mwanawe, nani atamlaumu? Mimi silaumu. Ninachouliza ni hiki: kijana yule amefundishwa nini juu ya Mungu? Miaka mitatu aliambiwa, Jumapili hii usiende kanisani, una tuisheni, Mungu anaelewa. Na aliyemwambia hivyo ni mama mzee wa kanisa, ni baba shemasi. Kisha siku ya mtihani anaona mama amepiga magoti toka asubuhi mpaka jioni. Kijana si mjinga. Anaelewa kabisa kwamba jambo kubwa nyumbani mwao ni lipi, na kwamba Mungu yupo kwa ajili ya jambo hilo. Akishafaulu, Mungu wa kazi gani tena? Na akifeli?

Naulizwa mara nyingi, je, si kashfa zilizofukuza vijana? Zimechangia, tena sana. Yapo makanisa makubwa ambako baba amemrithisha mwanawe mimbari kama mtu anavyorithisha duka, na wachungaji wenye majina makubwa wamehukumiwa mahakamani kwa mambo ya fedha. Kijana anasoma magazeti. Na watoto wenyewe wamekuwa haba: mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilishuka hadi watoto 0.72 kwa mwanamke. Shule ya Jumapili itajazwa na nani? Hayo yote ni kweli. Ila kashfa na uzazi haviko mikononi mwa mwalimu wa dini. Darasa liko mikononi mwake.

Na kuna mahali ambapo naona Wakorea wamefanya kazi ya kufundisha kwa subira kuliko sisi. Ni suala la mababu. Mwaka 1791 mtu wa ukoo bora, Yun Ji-chung, alikatwa kichwa kwa kuchoma mbao za kumbukumbu za mababu zake na kukataa kumfanyia mama yake matambiko. Nchi iliona Ukristo ni dini ya kutupa wazazi. Wakatoliki waliruhusiwa na Roma mwaka 1939 kuziheshimu mila hizo, zikiwa heshima ya kifamilia. Waprotestanti wakatunga ibada yao ya ukumbusho: familia inakusanyika, wimbo, somo, baba anasimulia habari za marehemu, kisha chakula. Sikukuu ya mavuno, Chuseok, ikifika, bado kuna vita. Kaka mkubwa anataka kuinama mbele ya meza ya vyakula, mke wa mdogo wake anasimama wima kwa sababu ni Mpresbiteri, na mama mkwe anamkata jicho. Lakini angalau wanabishana mezani, watoto wakisikia. Huko ndiko niliona vijana wakiuliza maswali ya kweli ya imani: babu yuko wapi? Tunamwinamia nani? Kwa nini shangazi hainami? Kwetu swali hilo tunalifanyaje? Mchana tunahubiri dhidi yake, usiku tunakwenda kijijini kimyakimya.

Walimu wenzangu, sina dawa ya chupa. Nina maombi tu. Mwanafunzi akikuuliza swali usilolipenda kwenye kipindi cha dini, usimwandikie barua kwa mzazi. Shule ya kanisa inayopokea watoto wa dini nyingine, na hapa kwetu ziko nyingi, imwambie mzazi siku ya kwanza, kwa maandishi, mtoto atafundishwa nini na hatalazimishwa nini. Na wewe mzazi, Jumapili moja kabla ya mtihani wa kidato cha nne, mwache mtoto aende kanisani hata kama hesabu zinamshinda. Moja tu. Aone umethubutu.

Na kuna vijana hapa, nimeambiwa, ambao parokia zao zinajiandaa kwa Siku ya Vijana Duniani itakayofanyika Seoul Agosti 2027. Mkijaliwa kwenda, nendeni Jeoldusan, kilima kilicho kando ya Mto Han walipokatwa vichwa mashahidi. Ingieni kanisa kuu la Myeongdong. Katika mtaa ule ndiko wasomi wale walikuwa wakikutana kwa siri nyumbani kwa mkalimani mmoja, Kim Beom-u, wakisoma vitabu vyao. Lakini msirudi na picha tu. Mkimpata kijana wa huko wa rika lenu, mpeni nafasi, muulizeni Jumapili huwa yuko wapi, na kama haendi kanisani, kwa nini. Msimbishie. Sikilizeni mpaka amalize, mje mtuambie.

Nimesema ya kutosha, na yule mama wa pale nyuma mkono wake uko juu tangu nilipotaja tuisheni. Karibu mama, tupatie swali lako.